Vitamini A Kiasi Gani?

Surua ilipoenea katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2019, iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo. Tiba yake ina hesabu isiyokubali kubahatisha: mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa yuniti 50,000 za vitamini A, wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, na aliyetimiza mwaka 200,000, dozi hurudiwa siku ya pili. Lakini huko Niemba, mashariki mwa Kongo kwenye reli ya Kalemie na Kabalo, ni nani wa kuulizwa? Katika vituo vya afya vya Kongo anayempokea mgonjwa kwa kawaida ni muuguzi, akiongozwa na ordinogramu, michoro inayompeleka hatua kwa hatua kutoka dalili hadi dawa. Daktari yuko mbali, na muuguzi hawezi kubeba dozi zote kichwani.

Jaribio la kuziweka mfukoni lilianza mashariki zaidi. Mwaka 2002 SatelLife, shirika la Marekani lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilijaribu kompyuta za kiganjani na madaktari wa Uganda na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Ndani yake mlikuwa na miongozo ya tiba na orodha za dawa. Mwaka uliofuata, pamoja na Makerere, kazi ikaenea hadi wilaya za mashambani Uganda. Mganga alielekeza kifaa chake kwenye kisanduku kilichounganishwa na mtandao wa simu. Ripoti za wagonjwa zikaenda Kampala, na habari mpya za tiba zikarudi. Mimi naona uzito wa kazi ile katika hilo la pili: aliyezoea kutuma takwimu juu bila kujibiwa, sasa naye alipata kitu cha kumsaidia mgonjwa wake.

Leo simu imechukua nafasi ya kisanduku. Madaktari Wasio na Mipaka hutoa miongozo yao bure kwa programu yenye Kifaransa, lugha ya masomo ya waganga wa Kongo. Ikishapakuliwa penye mtandao, hufunguka hata usipokuwepo, mradi simu ina chaji. Lakini mwongozo na ghala havipaswi kuachana: skrini ikitaja yuniti 200,000, vidonge vya vitamini A lazima viwe vimeshafika Niemba.