Kura Tatu za Mwaka 1958

Watoto wetu shuleni hujua vema kwamba nchi yetu ilipata uhuru Desemba 1961, lakini wachache wamesikia habari ya kura tatu iliyotangulia. Sisi waalimu wa huku Nyakakika twaona yafaa ielezwe, maana sheria ile iliwaacha nje wazee wengi wa mashamba yetu.

Serikali ya Gavana Twining ilitaka Waafrika, Waasia na Wazungu wawe sawasawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Basi viti 30 vikagawanywa kumi kumi, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapata 20,000 tu. Kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila jamii. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, karatasi yake ilikuwa bure.

Wala si kila mtu aliruhusiwa. Ilimpasa awe ametimiza miaka 21, tena awe amesoma hata darasa la nane, au awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa katika sheria. Na tumfikiri mkulima wa Karagwe, mwenye migomba na mibuni yake: fedha hizo angezitoa wapi? Darasa la nane nalo halikuwa jirani. Waliofaa hasa ni makarani na waalimu, na watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuingia TANU! Nchi nzima walijiandikisha watu wapata 60,000.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wengi walitaka kuususia uchaguzi, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere akawashinda kwa hoja, kwamba wakikaa kando viti vitatwaliwa na UTP, chama kilichopendwa na serikali. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Akatoka, akaunda chama chake cha ANC. Hatuwezi kumwita mpumbavu, maana sheria yenyewe ilikuwa ya kudharau watu.

Lakini sheria hiyo iliwageukia walioitunga. Kwa kuwa Mwafrika alilazimishwa kuchagua Mwasia na Mzungu pia, kura yake ndiyo iliyoamua ni yupi kati yao aingie barazani. TANU ikawaunga mkono waliokubaliana nayo. Zamu ya kwanza ilikuwa Septemba 1958. Ya pili, Februari 1959, ilifika pande zetu za Ziwa. UTP haikupata hata kiti kimoja. George Kahama, mzaliwa wa Karagwe, akawa Julai 1959 mmoja wa wajumbe watano wa kuchaguliwa waliopewa uwaziri.

Hata hivyo mkulima wetu alikuwa bado nje. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: ilitosha kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na pato la shilingi 1,500. Lakini viti 58 kati ya 71 havikuwa na mpinzani, na huko hakuna aliyepiga kura. Ni Septemba 1965 ndipo kila raia mwenye miaka 21 alipochagua mbunge, asome asisome. Mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, na mwenzake nyumba.