Bagamoyo: Nyuma ya Kuta za Mawe

Tuzurupo Bagamoyo huonyeshwa magofu ya Kaole, milango ya nakshi na Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Lakini historia si majengo. Hatuna budi kuuliza: utajiri huu ulitoka kwenye jasho la nani?

Katika karne ya 19 misafara ilileta hapa watumwa, na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Faida iliwaendea matajiri wa Zanzibar, Bombay na Ulaya. Wazaramo, Wakwere, Washirazi, Waarabu na Wahindi walikutana sokoni na kusemezana kwa Kiswahili. Mchanganyiko huo wa utamaduni ni kazi ya watu, si zawadi ya mtawala.

Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotwaa pwani, Abushiri bin Salim aliongoza vita. Alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tumheshimu kwa kupinga ukoloni, bila kusahau kwamba naye alikuwa mwenye shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Adui wa mkoloni si lazima awe mkombozi wa mnyonge.

Kwa hiyo tukihifadhi kuta na kuwasahau wapagazi, tutakuwa tumehifadhi historia ya mabwana peke yao.