Kutambua: Neno Lililongojewa Miaka 47

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, tulipewa sentensi kumi za Kiingereza tuzitafsiri kwa Kiswahili. Mojawapo ilihusu nyumbani kwetu: serikali ya Uganda na ufalme wa Rwenzururu, mwaka 2009. Kitenzi chake kilikuwa "recognise". Niliandika "serikali iliutambua ufalme huo" nikapata alama zote.

Likizo ilipofika nilimsomea babu sentensi hiyo, nyumbani Bwera. Babu aliuza chumvi ya Katwe kwa miaka mingi katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, na Kiswahili chake alikipata humo. Alisikiliza, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, kwani kabla ya hapo walikuwa hawatujui?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Kitenzi hicho kimetokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni kujua tena. Kwa Kiingereza cha leo kina matumizi mawili makubwa. La kwanza ni kumwona au kumsikia mtu unayemjua na kumkumbuka. Bibi akisikia sauti ya binamu yake sokoni, humtambua kabla hajageuka. La pili ni la mwenye mamlaka: kukubali rasmi kwamba jambo lipo na lina haki zake. Tumizi la kwanza halihitaji cheo. La pili linahitaji muhuri.

Kiswahili hutumia "kutambua" kwa yote mawili. Mimi niliandika la pili, babu akasikia la kwanza. Nilipofungua vitabu vya historia niliona kwamba pengo kati ya maana hizo mbili ndilo Wakonzo walilopigania.

Mkataba wa Toro wa mwaka 1900, kati ya Waingereza na Mukama Kasagama, uliwaweka Wakonzo na Waamba wa milima ya Rwenzori chini ya ufalme wa Toro. Mwaka 1910 Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani zikakubaliana mipaka yao, na ndugu zetu Wanande wakabaki upande wa Kongo. Waliopinga utawala huo hawakukosekana. Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya waliongoza uasi, na mwaka 1921 wakanyongwa. Hapa ndipo swali la babu lina uzito: mtu hamnyongi asiyemjua. Majina yao yalijulikana, na milima yao ilikwisha kuchorwa kwenye ramani.

Mwaka 1962, Uganda ikikaribia uhuru, katiba ya Toro ilijadiliwa upya. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba waliomba jambo linaloonekana dogo: iandikwe kwamba Toro ina watu wa aina tatu, Watoro, Wakonzo na Waamba, wenye hadhi sawa. Walikataliwa, wakatoka barazani na kudai wilaya yao wenyewe. Tarehe 30 Juni 1962 harakati ya Rwenzururu, chini ya Isaya Mukirane, ilitangaza kujitenga na Toro. Ombi la kuandikwa katika katiba likageuka vita vya milimani.

Serikali iliunda tume chini ya Dakta Sembeguya. Tume ilikubali kwamba malalamiko yalikuwapo, lakini haikuunga mkono wilaya mpya. Kiingereza kina kitenzi kingine kwa jambo hilo, "acknowledge", nasi tunasema "kukiri". Anayekiri husema kweli, umekosewa, kisha huweza kuondoka bila kubadili lolote. Anayetambua rasmi hujifunga kwamba kuanzia sasa atakuhesabu.

Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akarithi akiwa mtoto. Mwaka 1974 Idi Amin aliigawa Toro, zikapatikana wilaya ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo. Wilaya ilikuja, lakini ufalme haukutajwa. Agosti 1982 wapiganaji walishuka kutoka milimani baada ya kuelewana na serikali ya Obote. Katiba ya mwaka 1995 iliruhusu viongozi wa jadi kuwapo pale ambapo watu wao wanawataka, na katika orodha yake ya makabila ya Uganda, Wakonzo na Waamba wamo kwa majina yao. Hatimaye, mwaka 2009, serikali ilitamka kitenzi chenyewe, na tarehe 19 Oktoba Mumbere akatawazwa mjini Kasese mbele ya Rais Museveni. Tangu 1962 ilikuwa imepita miaka 47.

Sidai kwamba neno hilo lilimaliza mambo. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 kulitokea mapigano mjini Kasese, na vikosi vya usalama vikavamia ikulu ya mfalme huyohuyo. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwamo polisi. Mumbere alikamatwa, na mashtaka yake yalifutwa mwaka 2023. Kwa hiyo aliyetambuliwa kwa muhuri bado anaweza kuishi kwa hofu ya aliyeushika muhuri.

Je, nibadili tafsiri yangu? Nilifikiria kuandika "iliukubali ufalme". Lakini kukubali ni jibu la ombi, kana kwamba ufalme ulianza siku ulipopewa ruhusa. "Kutambua" kina ushahidi ndani yake: huwezi kutambua kitu ambacho hakikuwapo. Serikali ilipochagua kitenzi hicho mwaka 2009, ilisema bila kukusudia kwamba walioomba mwaka 1962 hawakuomba kitu cha kubuni. Nimeongeza neno moja tu: "iliutambua rasmi."

Nilimrudia babu na jibu. Nikamwambia: "Walitujua, babu. Walichokataa ni kukiandika." Alicheka kidogo, akatoa mfukoni kitambulisho chake, ambacho huombwa kila anapovuka kwenda Kasindi kuwaona jamaa zake. Akanionyesha picha yake iliyofifia.

"Afisa wa pale ananijua tangu akiwa kijana," akasema. "Ananisalimia kwa jina, kisha ananiomba hiki."