Hakuna Asiye na Kwao: Kutoka Lutindi Hadi Stendi ya Korogwe

SEHEMU YA 1: Watoto wasio na mama

Wiki iliyopita dada mmoja wa Handeni aliniuliza, "Nesi, hivi zamani vichaa walikuwa wanakaa wapi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Kaa na mwanao mapajani, tuanze mbali kidogo.

Ukiwa Korogwe mjini, inua macho uangalie milima ya Usambara. Huko juu kuna mahali panaitwa Lutindi. Wengi tunapajua kwa jina tu, na mara nyingi ni kwa utani: "Wewe, utapelekwa Lutindi!" Lakini Lutindi haikuanza kama hospitali ya vichaa. Mwaka 1896 Wajerumani wa misheni walifungua pale nyumba ya watoto waliookolewa utumwani.

Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini biashara haikufa siku ile. Misafara iliendelea kupita kwa kujificha kwenda pwani, na mtoto aliyekamatwa njiani alikuwa na shida moja kubwa kuliko njaa: hajui kwao. Kauzwa mdogo, kapita mikono mingi, hata jina la kijiji limemtoka. Utamrudisha wapi? Ndiyo maana ikajengwa nyumba.

Shika hilo neno, HAJUI KWAO. Tutalirudia.

SEHEMU YA 2: Nyumba inabadilika

Kadiri miaka ilivyokwenda, watoto wa namna ile wakapungua. Mwaka 1904 nyumba ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Walioiendesha walikuwa na uhusiano na Bethel, kituo kilichoanzishwa Ujerumani mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa.

Sasa usifikiri kulikuwa na dawa. Dawa ya kwanza ya kweli ya kichaa, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Yaani karibu miaka 50 Lutindi ilikaa na wagonjwa bila dawa tunazozijua leo. Walikuwa na nini basi? Chakula, usingizi, hewa ya mlimani, na kazi za mikono. Wengine walitulia, wengine hawakutulia. Mpaka leo hospitali ipo, chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa bado wanafanya kazi za bustani, chai na karakana, ila sasa na dawa zipo.

Nikilifikiria hili huwa nanyamaza kidogo. Nyumba ile ile iliyompokea mtoto asiye na kwao ndiyo ikampokea mtu aliyepotewa na akili. Sidhani kama ni bahati tu. Mgonjwa wa akili mwenye ndugu mara nyingi hubaki nyumbani, vizuri au vibaya. Anayefika barabarani ni yule ambaye kamba yake na ndugu imekatika.

SEHEMU YA 3: Manamba

Na hapa kwetu kamba zilikatika sana. Mkonge uliletwa mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na mashamba yakafuata reli. Kazi ile ilihitaji watu wengi, na wenyeji, Wazigua na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao ya kulima. Basi watu wakachukuliwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata Rwanda na Burundi. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hadi ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU.

Wengine walirudi kwao mkataba ulipoisha. Wengine walioa, wakazaa, wakabaki kambini. Miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakafa. Watu wakabaki kambini bila kazi, na bila shangazi wala mjomba wa karibu.

Mama, wewe umejifungua, unajua. Siku zile 40 nani alikukanda? Nani alikupikia uji? Nani alikupokea mtoto usiku ili ulale? Sasa fikiria mtu ambaye babu yake aliletwa kwa namba. Hana huyo mtu.

SEHEMU YA 4: Mbali zaidi

Waingereza walipochukua nchi walijenga hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili Dodoma mwaka 1927. Ndiyo Mirembe. Ilisaidia wengi, lakini kwa mtu wa Handeni, Dodoma ya wakati ule ilikuwa dunia nyingine. Ukimpeleka ndugu, unarudi bila kujua utamwona lini.

Baada ya uhuru mawazo yakaanza kubadilika: mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Miaka ya 1980 mpango wa kuingiza huduma hii kwenye zahanati na vituo vya afya ulijaribiwa kwanza Kilimanjaro na Morogoro. Mwaka 2008 tukapata Sheria ya Afya ya Akili. Na upande wa pili, sheria ya mwaka 1973 ilianzisha chuo cha kufundisha maofisa ustawi wa jamii, kile tunachokijua leo kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Wengi mnadhani kazi yao ni kuamua ugomvi wa matunzo ya watoto tu. Subirini niwaambie.

SEHEMU YA 5: Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita, kituo fulani nilichokuwa nafanya kazi, aliletwa mwanamke aliyekuwa analala stendi. Uchi nusu, nywele zimejisokota, anaongea peke yake. Tulimwogesha, tukampa dawa, wiki tatu akatulia. Hakuna aliyekuja kumchukua. Kwenye faili, sehemu ya makazi, mimi mwenyewe kwa mkono wangu niliandika: "Hana kwao." Akaruhusiwa. Miezi miwili baadaye nikamwona chini ya mti ule ule pale stendi.

Safari ya pili ofisa ustawi wa jamii alikuja na kaunta buku lake. Ni mtu wa kuandika sana yule: kila anayelala barabarani ana ukurasa wake. Akasoma faili, akaniuliza taratibu, "Nesi, hili la hana kwao alikwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kumuuliza.

Yeye aliuliza. Hakuanza na "unaitwa nani". Alianza na "mama yako alikuwa anapika nini?" Siku ya nne yule dada akataja jina la kambi moja ya mkonge. Ofisa akapanda bodaboda akaenda. Akamkuta bibi mzee, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni mwake.

Mtoto wa nani? Wa mgonjwa wetu. Alijifungua, wiki ya pili akawa halali kabisa, anasikia sauti, anaogopa mtoto. Majirani wakasema katupiwa jini. Wakamzungusha kwa waganga, na usiku mmoja akatoka akaenda. Kichaa cha uzazi, jamani. Ugonjwa unaotibika.

Leo anatumia dawa, anaishi na bibi na mwanae. Faili lake nililisahihisha mwenyewe.

Kwa hiyo dada yangu wa Handeni, jibu lako ni hili: zamani vichaa walikaa kwao, na walioshindwa kukaa kwao walitafutiwa nyumba. Mtihani ulikuwa nyumba tangu enzi za watoto wa Lutindi, na leo ni ule ule.

Kwa mama aliyejifungua karibuni, na wewe baba unayesoma simu ya mkeo: asipolala hata mtoto akilala, akisikia sauti, akisema vitu visivyoeleweka au kusema atamdhuru mtoto au atajidhuru, usisubiri 40 iishe. Usimwache peke yake na mtoto. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Kuombewa hakukatazwi, lakini kufanyike akiwa ameshaonwa.

Na ukimwona mtu stendi, iwe Chanika, Segera au Mombo, kabla hujamwita kichaa nenda ofisi ya ustawi wa jamii ukaseme umemwona wapi. Inawezekana kuna bibi mahali amebeba mtoto wake mgongoni.