Serikali ikitangaza wito wa miradi: namna ya kuandika dosie yenye kushinda

Wito wa miradi ni mashindano. Makuta ni kidogo, wenye kuomba ni wengi. Ndivyo ilikuwa na COPA, mashindano ya mipango ya biashara yaliyopitia PADMPME, mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, uliofika mpaka Goma na Lubumbashi. Dosie nyingi haziangukake sababu wazo ni baya. Zinaanguka juu ya karatasi moja yenye kukosa, ao hesabu zisizopatana.

Makaratasi kwanza. Biashara inahitaji RCCM, Id. Nat. na nambari ya kodi. Shirika lisilo la faida linafuata sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: statuti zilizowekwa sahihi, na utu wa kisheria unaotolewa na Waziri wa Haki. Hiyo inakamata muda. Usingoje wito utoke njo uanze kukimbia mu mabiro.

Soma wito mara mbili. Nani anaruhusiwa? Mu jimbo gani? Kiwango cha juu ni ngapi? Tarehe na saa ya mwisho? Kama wito unaomba kurasa tano, usitume kumi.

Sema shida kwa hesabu. "Wamama wanateseka" haitoshi. Tuseme kikundi cha wamama kumi karibu na Kalemie wanatembea saa mbili kwenda kusagisha muhogo. Andika: watu wangapi, safari ngapi kwa juma, wanalipa ngapi.

Bajeti ifuate kazi. Mfano: mashini dolari 1.800, usafiri 150, kibanda 600, mafunzo 200. Jumla 2.750. Kila bei iwe na faktire proforma. Ukiandika mafunzo mu bajeti lakini hayako mu kazi, komisioni itauliza.

Kisha makuta kuisha? Hapa njo wengi wanakwama. Onyesha: kwa siku mashini inaingiza franga 20.000, mazutu 9.000, mwenye kuendesha 4.000, inabaki 7.000 ya kutengeneza mashini na akiba. Kama hakuna kitu chenye kubaki, punguza gharama ao badilisha mradi mbele ya kutuma.

Ahadi ndogo, zenye kupimika. "Kumaliza umaskini mu territoire" haiaminike. "Familia 60 zitasagisha karibu na nyumba kwa miezi sita" inaweza kuhakikishwa.

Mwishoni, mpe mtu asiyejua mradi asome. Asipoelewa, na komisioni haitaelewa. Chunga kopi ya dosie yote, na uombe karatasi yenye muhuri kuonyesha kama imepokelewa. Mtu akikuambia ulipe kidogo ili jina lako lipite, usilipe: soma tena wito, uone kama malipo hayo yameandikwa. Ukikosa mwaka huu, omba sababu kwa maandishi. Dosie iliyosahihishwa njo mwanzo wa ile ya mwaka kesho.