Kasoro za Majahazi ya Sur: Kamba, Msumari na Mashine

Mji wa Sur, ulioko pwani ya Ash Sharqiyah, ulikuwa miongoni mwa karakana kuu za majahazi nchini Omani hadi katikati ya karne ya 20, na ndio uliokuwa mlango wa bahari wa watu wa Ibra na vijiji vya bara, wakiwemo watu wa kabila la Waharthi waliohamia Unguja, ambao walisafiri kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Vyombo vya Sur, hasa ghanja, aina ya jahazi yenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyonakshiwa, vimesifiwa mno kwa uzuri wake, lakini kasoro zake, ambazo zilibadilika sura kila ufundi ulipobadilika, zimezungumzwa kidogo sana.

Kasoro za vyombo vya kushonwa, vilivyotangulia vya misumari, ndizo zilizoandikwa mapema zaidi. Marco Polo, aliyefika Hormuz katika karne ya 13, alivilaumu vyombo vya huko kuwa vibovu na vya hatari, kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, na tena zilipakwa mafuta ya samaki badala ya lami. Lawama hiyo ni ya kweli nusu tu. Kamba ya makumbi, yaani nyuzi za ganda la nazi zilizosokotwa, hustahimili sana maji ya chumvi, lakini huchakaa kwa kusuguliwa, na ikilegea mbao huachana, maji yakajaa ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, mabaharia wakawa hawana budi kuyafua usiku na mchana. Hata hivyo, ubavu ulioshonwa hunepa unapogusa mwamba, pale ambapo ubavu mgumu ungepasuka. Na msafiri Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, alikwisha kueleza kwamba mafuta yalipakwa ili kulainisha mbao kwa sababu ya wingi wa miamba. Aliyoyaona Polo kuwa uzembe yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ufundi.

Misumari ya chuma ilienea zaidi baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498. Fundi wa Sur, ambaye hakutumia mchoro bali jicho lake, alilaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, akapandisha mbao za ubavu kwanza na ndipo akaingiza mataruma, yaani mbavu za ndani. Mbao zilikuwa za msaji kutoka Malabar, na mataruma mara nyingi yalichongwa kwa matawi yaliyopinda ya mkunazi na mgunga, kwa kuwa Omani haina misitu ya miti mikubwa. Tundu lilitobolewa kwa keekee, msumari ukazungushiwa nyuzi zilizolowekwa mafuta ili maji yasipite, kisha ukapigwa. Chombo kikawa kigumu zaidi, lakini kikapata kasoro ambayo kamba haikuijua: kutu. Chuma kinapoliwa na chumvi huharibu pia ubao unaokizunguka, tundu likapanuka na msumari ukaanza kucheza. Mafuta ya asili yaliyomo ndani ya msaji hupunguza uharibifu huo, na hiyo ni sababu mojawapo ya ubao huo kuagizwa kutoka ng'ambo ijapokuwa ulikuwa wa gharama.

Adui mmoja hakujali kamba wala msumari. Huyo ni mdudu wa bahari atoboaye mbao, ambaye kwa hakika ni wa jamii ya kombe ingawa umbo lake ni la mnyoo. Huingia akiwa mdogo mno, hukua ndani, na ubao unaoonyesha vitundu vidogo tu kwa nje huweza kuwa umekwisha kuliwa. Kinga yake ilikuwa deheni, mchanganyiko wa shahamu ya wanyama na chokaa, iliyopakwa chini ya mstari wa maji baada ya chombo kupwelewa, kuegemezwa ubavu na kukwanguliwa. Kazi hiyo ilipaswa kurudiwa mara kwa mara, pamoja na kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katika viungo vya mbao. Kwa hiyo chombo kilichozama hakikuwa lazima kimeundwa vibaya. Huenda mwenyewe alibania deheni.

Ushahidi wa karibuni kuhusu uimara wa kamba ulitoka Sur penyewe. Mwaka 1980 msafiri na mwandishi Tim Severin aliunda huko jahazi la kushonwa, *Sohar*, kwa kamba za makumbi zenye urefu wa jumla wa kilomita 640 hivi, nalo likaondoka Maskati mwezi Novemba na kufika Guangzhou, China, mwezi Julai 1981. Kamba ambazo Polo alizidharau zilivuka bahari.

Baada ya kamba na msumari, mashine ya dizeli nayo ilileta kasoro yake: mtetemo uliolegeza viungo vilivyokalafatiwa, na uzito wa chuma katika tezi ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Baadaye boti za faibaglasi, zisizoliwa na mdudu wala kuhitaji deheni, zilichukua nafasi kubwa katika uvuvi. *Fath al-Khair*, ghanja iliyoundwa Sur mwaka 1951 na kurejeshwa kutoka Yemen mwaka 1993, sasa imewekwa nchi kavu mjini humo. Mdudu wa bahari hawezi tena kuifikia, lakini mbao za jahazi lililotolewa majini hukauka, husinyaa na kuachana, hivyo hata chombo kisichosafiri bado kinamhitaji fundi anayejua kukalafati.