Za zamani ndizo nzima

Leo hakuna programu mpya wala somo la msimbo. Desemba nilikuwa nyumbani Nyamarambe, na siku moja mvua ilipokataa kuacha nyanya alivuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda. Limejaa picha. Nikazipanga kwa umri wake, mazoea yetu watu wa kompyuta, nikaona ajabu: kadiri picha ilivyo ya zamani, ndivyo ilivyo nzima.

Iliyo kongwe ni nyeusi na nyeupe. Nyanya amesimama wima kama askari kando ya mgomba, hacheki hata kidogo. Anakumbuka kwamba mpiga picha alikuja kwa baiskeli na kurudi baada ya wiki mbili, nusu ya kijiji wakidhani ametoroka na pesa zao. Picha ya namna hiyo ni chembe za fedha, yaani madini yenyewe, ndani ya jelatini. Ikioshwa vizuri hukaa miaka mingi mno. Ndiyo maana kazi za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio kule Unguja mwaka 1930, bado zinatazamika.

Baadaye zikaja za rangi. Huko fedha huondolewa wakati wa kuosha, yakabaki matabaka matatu ya rangi za kemikali: manjano, waridi na buluu. Hazizeeki pamoja. Katika picha nyingi za zamani zilizofichwa gizani, buluu ndiyo hutangulia kufifia, na watu wakabaki wekundu kama matofali. (Hata zikiwa mpya zilikuwa na kasoro yake: kwa miongo mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley. Mtu mweusi alitoka kama kivuli chenye meno.)

Mjomba ndiye tofali letu. Amesimama mbele ya meli iliyochorwa kwenye kitambaa, huko Likoni, Mombasa. Wapiga picha wa karibu na feri walikuwa na vibanda vyenye mandhari za kuchorwa, na wateja wao wengi walikuwa vibarua wa kutoka bara waliotaka kutuma nyumbani ushahidi kwamba wanaendelea vizuri. Agosti 1997 vurugu zikazuka Likoni, watu wa bara wakashambuliwa, wengi wakakimbia. Mjomba alifika nyumbani bila hata godoro. Picha ilikuwa imemtangulia kwa miezi mitatu, nayo ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha maisha yale.

Sasa kizazi changu. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya dijitali ya pikseli 10,000, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kufikia 2012 sisi tulikuwa na simu yenye kamera na kadi ya GB 2. Nilipiga kila kitu: mahindi yakianikwa, mto Gucha ukiwa umefurika, wachongaji wa Tabaka weupe kwa vumbi la mawe ya sabuni. Na babu, aliyefariki mwaka uliofuata. Siku moja simu iliuliza kama ifute kadi yote. Nikabonyeza ndiyo. Sikumwambia mtu.

Kadi hiyo nyanya aliihifadhi sandukuni, imefungwa kwenye kitambaa.

Kufuta kwa haraka hufuta orodha tu, si picha zenyewe. Zinabaki pale hadi ziandikiwe juu. Faili ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, kwa hiyo programu kama PhotoRec hupekua kadi nzima ikitafuta alama hiyo bila kutegemea orodha. Niliiacha ikifanya kazi usiku, umeme ukapotea mara mbili. Asubuhi nilikuwa na picha 63. Kumi na tisa ni nusu picha, nusu kijivu. Babu yuko katika mbili. Moja imekatika shingoni, nyingine ni nzima, ameshika kamba ya mbuzi.

Nilizichapisha mjini Kisii. Nyanya aliishika ya babu muda mrefu, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Huyu mbuzi," akasema, "tulimuuza ili ulipiwe karo."